Mstari wa Ng'ombe

Jua lilikuwa halijafika hata kimo cha paa, na tayari wanawake walikuwa wameujaza uwanja wa gombolola, makao ya tarafa yao. Alupo, mhudumu aliyewaita, alisimama mlangoni mwa zahanati akiwatazama kwa furaha ambayo, laiti angejua, ilikuwa furaha ya mjinga. Walikuja kutoka Mulanda, walikuja kutoka Kirewa. Wengine walivuka mto Malaba kutoka upande wa Kenya, nguo zao zimefungwa kichwani zisilowe. Wenye mimba walikuja. Wenye vidonda walikuja wakichechemea. Waume zao waliachwa nyumbani na watoto na mifugo, maana Alupo mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo: njooni nyinyi, msimtume mtu.

Wiki mbili alipita boma kwa boma akitangaza. Ulikuwa mwaka ule wa nzige, pamba haikuwa na bei, na Serikali ilikuwa ikipunguza kila kitu, kuanzia walimu mpaka wafagia barabara. Katika gombolola ile vilibaki vitu viwili, zahanati na kituo cha kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka, na kimoja lazima kifungwe. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, alisema watu wachague wenyewe barazani. Kila mmoja angesimama nyuma ya kile anachokitaka, mistari ihesabiwe, na shauri liishe hapo hapo. Nani atahesabiwa na nani hatahesabiwa, hilo Alupo hakuuliza. Angeuliza kwa nini, wakati watu ni watu?

"Alupo," aliita Dorcas, mwenzake wa kazi, akifunga kilemba. "Mbona naona vilemba tu? Wanaume wako wapi?"

"Wanawake wanatosha. Huoni walivyo wengi?"

"Naona. Na huyo wako?"

Alupo akatabasamu, akajifanya anatazama barabara kwa ajili ya mambo mengine. "Atakuja. Ameniahidi."

Huyo wake alikuwa Omaido, kijana wa mzee Edeku, na kama mwandishi asipousema uzuri wake atadaiwa na wasichana wote wa Tororo. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mwenye macho ya kumfanya mtu asahau alichotumwa dukani. Alifika zahanati miezi minane iliyopita, paja limechanwa na pembe ya fahali. Alupo alimsafisha kidonda siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano kidonda kilikuwa kimepona na Omaido akaja vilevile.

Mahari ilishakubaliwa. Ng'ombe kumi na tano wavuke mto wafike kwa mzee Ikiring, baba yake Alupo, aliyekaa upande wa Kenya. Na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuvuka mpaka bila kuchanjwa na kupigwa chapa, na kituo kikifungwa, ng'ombe wa mzee Edeku wangebaki Uganda, na Alupo angebaki msichana wa nyumbani kwao mpaka hali itengemae.

Walikuwa wamelizungumza jana mchana, kando ya mto.

"Ng'ombe watangoja," Alupo alimwambia. "Mama yangu alikufa akijifungua kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumsaidia wala mahali pa kumpeleka. Siwezi kuolewa kwa kuifunga zahanati, Omaido. Nitangoja mwaka. Nitangoja miwili. Wewe?"

"Hata mitano," Omaido alisema, akamshika mkono. "Kesho nitasimama nyuma yako. Papa aone, watu wote waone."

"Papa yako atakukasirikia."

"Acha akasirike. Mimi ni mtoto?"

Alupo alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Zahanati ilikuwa kazi yake na fahari yake, lakini tuseme ukweli, asubuhi ile alitaka kitu kimoja kuliko vyote. Alitaka kumwona mwanamume huyo akitembea mbele za watu na kuja kusimama nyuma yake.

*

Omaido alifika na baba yake. Mzee Edeku alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi, mpenda mizaha, na palipokuwa na yeye watu walikusanyika kumsikia anavyowachana wengine. Alupo alimtafuta Omaido kwa macho mpaka wakaonana. Omaido akatabasamu. Kisha akatazama chini, akaanza kukung'uta vumbi la suruali ambayo haikuwa na vumbi. Moyo wa Alupo ukagonga mara moja, vibaya. Akaukemea.

Bwana Disii alikaa mezani chini ya turubai, kofia magotini. Alisema kwa dakika nyingi. Ofwono mkalimani aliyaleta maneno yake kwa Kiswahili cha mpakani, kifupi na bila sukari.

"Bwana anasema salamu. Bwana anasema pesa ya Serikali imekwisha. Hakuna ya dawa na ya ng'ombe pamoja. Iko ya moja tu. Mkichagua leo, musirudi kesho kulialia kwa ofisi yake. Mwenye neno aseme."

Mwanamke mmoja akainuka, mtoto mgongoni. Jina lake Asekenye, na sauti ilikuwa inamtetemeka. "Mimi nilizaa watatu nyumbani, wote nikazika. Huyu nimezaa hapa, na huyu msichana Alupo alikesha nami siku mbili. Ndiye huyu. Mimi sina neno lingine."

Wanawake wakapiga vigelegele. Disii akaandika kitu. Ndipo mzee Edeku akasimama, akajikohoza, na watu wakaanza kutabasamu kabla hajasema.

"Nimemsikia mama," alisema. "Pole, mama. Lakini tuulizane sisi wanaume. Mke akikufa, unaoa mwingine. Ng'ombe ikikufa, huyo mwingine unamuoa na nini?"

Uwanja ukavunjika mbavu. Hata askari walicheka. Ofwono alimnong'oneza Disii, na Disii naye akacheka kidogo, akajifuta mdomo kwa leso. Asekenye alikaa chini polepole. Alupo alimtazama Omaido, naye hakucheka, na kwa hilo tu Alupo alimpenda upya.

"Haya, simameni!" Ofwono akapaza sauti. "Dawa huku kwa mlango wa zahanati. Ng'ombe kule kwa zizi."

Wanawake walikwenda kwa kishindo. Alupo alisimama wa kwanza, mkono wake ukigusa mlango, na mstari ukajipanga nyuma yake ukapita ofisi ya gombolola, ukapita mzani wa pamba, ukafika barabarani na bado watu walikuwa wanaongezeka. Kule zizini walijipanga wanaume, mstari umenyooka, lakini wachache ukilinganisha. Dorcas alimfinya mkono. "Tumeshinda, dada. Tumeshinda!"

Disii alinyanyuka kitini. Aliutazama mstari ule mrefu, akakunja uso, akasema maneno matano au sita.

"Bwana anasema wanawake watoke," Ofwono alitangaza.

Hakuna aliyeondoka. Walidhani hawajasikia vizuri.

"Mutoke! Anahesabiwa mwenye tikiti ya kodi. Kama hulipi kodi, hii pesa si yako, unachagua nini? Askari, ondoa hao."

Askari walipita na fimbo, wakiwasukuma kama wanavyosukuma mbuzi kwenye shamba la mtu. Mwenye mimba mmoja alijikwaa, wenzake wakamdaka. Asekenye alipiga kelele, "Bwana yangu ana tikiti! Nimuite? Yuko nyumbani, si mbali!"

"Angekuja," Ofwono akajibu. "Nani alimwambia akae nyumbani?"

Wanawake wote wakageuza nyuso wakamtazama Alupo. Alupo alitamani ardhi ipasuke, kwa sababu ni kweli, ni yeye aliyewaambia, kwa mdomo wake mwenyewe, boma kwa boma, na katika maboma yale yote mlikuwa na wanaume wenye tikiti waliokuwa wamekaa muda huu wakichunga watoto.

"Na wewe pia toka," askari alimwambia.

"Mimi? Mimi ndiye mfanyakazi wa hii zahanati."

"Unalipa kodi?"

"Hapana, lakini..."

"Basi toka, mama. Usinisumbue."

Akatoka. Katika ule mstari mrefu walibaki watu wa kuhesabika. Alibaki Wabwire fundi cherehani, akabaki mwalimu wa dini na wazee wa vidonda, na vijana wachache waliokuwa wakijishuku kama wameingia kanisa lisilo lao. Kati ya mistari miwili, peke yake kwenye jua, alibaki Omaido. Alikuwa bado hajasimama popote.

Alupo alikuwa kwenye nyasi, miongoni mwa wanawake waliofukuzwa. Hakumwita. Alimtazama tu, na kwa macho yale alimwambia yote. Sasa ni wewe. Mimi wamenitoa, siwezi kusimama. Nisimamie.

Omaido alipiga hatua moja kuja upande wa mlango. Moja nzima. Alupo aliiona, na maishani mwake mwote baadaye hakuweza kuisahau hatua hiyo.

"Omaido," mzee Edeku aliita kutoka zizini. Hakupaza sauti. Alimwita kama anayemkumbusha mtu kwamba chakula kiko tayari.

Na Omaido akageuka, akaenda, akajipanga nyuma ya baba yake.

Ofwono alihesabu kwa kugusa kila mtu begani. Dawa, thelathini na mmoja. Ng'ombe, tisini na wanne. Zahanati ingefungwa mwisho wa mwezi.

*

Omaido alimkuta nyuma ya zahanati, kwenye pipa la maji, ambako Alupo alikuwa anaosha vitambaa vya vidonda kwa nguvu ya kutaka kuvitoboa.

"Alupo."

Alupo akakamua kitambaa, akachovya kingine.

"Alupo, nisikilize. Nimesimama kule kwa sababu yako."

"Ehe?"

"Kituo kimebaki. Wiki ijayo ng'ombe wanachanjwa, wanapigwa chapa, wanavuka kwa baba yako. Mwezi ujao wewe uko kwangu. Si ndiyo tulitaka?"

"Ndiyo ulitaka. Mimi nilikuambia nitangoja."

"Ona hesabu basi! Thelathini na mmoja kwa tisini na wanne. Hata ningesimama kwako, tungeshindwa tu."

Alupo akaacha kuosha. Akamgeukia, maji yakimchuruzika viwikoni. "Ndiyo, Omaido. Tungeshindwa. Mimi na wewe, pamoja, watu wote wakituona. Kumbe hukujua ndicho nilichokuomba?"

Omaido akamshika mkono. Macho yake yalijaa machozi, na machozi ya Omaido yalikuwa silaha mbaya, kwa sababu yalikuwa ya kweli. "Niliogopa," alisema. "Nilitaka kuja. Uliona nikipiga hatua. Aliponiita, miguu ilikwenda yenyewe. Nipige, nitukane, lakini usiniache. Nikikukosa wewe mimi nimekwisha."

Angemfukuza hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini mapenzi yana upumbavu wake, na Alupo alikuwa amechoka, na mkono uliomshika ulikuwa mkono uleule wa jana kando ya mto. Akaanza kufikiri mawazo ya mtu anayetaka kusamehe. Zahanati imeshakwenda, hata akimchukia Omaido haitarudi. Labda mwanamume mwoga anaweza kufunzwa. Labda kwake, nyumbani kwake, ataweza kuwasaidia wanawake wa jirani kujifungua. Akaegemeza paji la uso wake kwenye kifua cha Omaido. Akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu mchana kweupe.

"Mwezi ujao?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwezi ujao. Naapa."

"Ah! Niliwaambia atakuwa huku."

Wakaachiana kama waliomwagiwa maji. Mzee Edeku alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, na nyuma yake wazee wanne au watano wa mstari wa ng'ombe, wamechangamka kwa ushindi. Alupo alipiga goti kusalimu, kama ilivyompasa.

"Shikamoo, papa."

"Marahaba, binti yangu. Pole kwa kazi yako." Alisema kwa upole, na upole ule ulimtia Alupo baridi. "Ni vizuri mko wote wawili. Kuna neno nataka kusema, na mimi sipendi kusema nyuma ya mtu. Ile mahari tulipatana na Ikiring, tulipatana ya msichana wa dawa. Mwenye mshahara wa Serikali. Siyo?"

"Papa..." Omaido alianza.

"Ngoja nimalize. Ng'ombe kumi na tano ni nyingi. Mtu anatoa kumi na tano kwa sababu anapata kitu. Sasa zahanati hakuna. Msichana amebaki wa jembe, kama wasichana wote, tena ameshazoea kukaa kivulini. Mimi nitoe kumi na tano kwa nini?"

"Ulisimama kwenye ule mstari ili ng'ombe wavuke kwa baba yangu," Alupo alisema. Bado alikuwa amepiga goti, na hakujua kama ainuke.

"Nilisimama ili ng'ombe zangu zisikufe. Hayo ya kuvuka ni yako na huyu." Wazee wakacheka kwa pua. "Ndugu zetu wa Kirewa wako na binti, Aguti. Ana mgongo wa kazi, na wanataka kumi tu. Na Kirewa ni huku huku kwetu, hakuna mto, hakuna mpaka, hakuna mtu wa kuuliza chapa. Ningetaka, ningezipeleka hata jana."

Basi hata chanjo haikuhitajika. Omaido aliuza ahadi yake kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wakienda kwa mwingine kwa njia ambayo ilikuwa wazi siku zote. Alupo akainuka, akajikung'uta magoti. Dorcas alikuwa ametokea mlangoni na nyuma yake wanawake wengi, kwa maana hakuna baraza linalokwisha watu wakiwa bado wana kitu cha kutazama.

"Omaido," Alupo alisema. "Sema."

Omaido akainama, akakung'uta tena suruali yake.

"Umeniambia sasa hivi kwamba ukinikosa umekwisha. Umeniapia. Mwambie papa yako. Mimi sitaki kumi na tano. Mwambie utanichukua kwa tano, kwa mmoja, kwa mbuzi. Mwambie utavuka mto bila kitu ukamwombe baba yangu. Sema lolote, Omaido. Sitakuuliza tena ya mstari."

Sauti yake haikutetemeka mpaka neno la mwisho. Hata wazee wale waliacha kucheka, kwa sababu msichana anayejishusha hivyo mbele za watu si jambo la kila siku, na kila mmoja pale alijua Alupo asingeweza kujishusha mara mbili.

Mzee Edeku alimgeukia mwanawe. "Sema, kijana. Tunakusikiliza. Mimi sikufungi mdomo."

Omaido alimtazama Alupo. Alimtazama kwa mapenzi, hilo msilikatae, mapenzi yalikuwepo tele machoni mwake. Akamtazama baba yake.

"Papa," alisema. "Ng'ombe za Kirewa... nizipeleke lini?"

Mwanamke mmoja akashika kinywa. "Jumamosi," mzee Edeku alijibu bila kufikiri. "Uondoke mapema, kabla ya joto."

"Sawa, papa."

Hapo kilichokuwa kimebaki cha kusamehe ndani ya Alupo kikakatika. Hakumwangalia Omaido tena. Alimwendea mzee Edeku, akampa mkono kama mtu anayempa mwenzake hongera kanisani.

"Hongera, mzee," alisema. "Mimi nilidhani una ng'ombe kumi na tano. Kumbe umejizalia wa kumi na sita."

Kisha mzee mmoja akapasuka kwa kicheko, wa pili akafuata, na wanawake mlangoni wakaangua wote kwa pamoja, uchungu wao wa asubuhi nzima ukitokea humo. Mzee Edeku alikaza uso. Alijitahidi sana. Lakini yeye alikuwa mtu wa mizaha na huo ulikuwa mzaha mzuri, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu, akisema, "Huyu msichana! Ai, huyu msichana angetufaa!"

Na Omaido, alipoona baba yake anacheka, naye akacheka.

Ndipo machozi yalipomtoka Alupo, mbele yao wote, na hakuinua hata mkono kuyafuta.